STUDLESS ubavuni: tairi la theluji, gari la kasi na joto la Tanga

Gari limeshuka bandarini, ushuru umelipwa, namba zimefungwa, na sasa limeegeshwa mbele ya kijiwe cha fundi tairi, Ngamiani. Ni Subaru Impreza ya spoti, au Altezza, au Mark X ya injini kubwa. Rimu zinang'aa, na matairi yana kashata nene utadhani hayajawahi kukanyaga lami. Fundi anainama, anapitisha kidole kwenye mifereji, anatoa hukumu: "Kaka, tairi hizi usizitoe, kashata bado mbichi." Aliyekaa kwenye benchi anadakia: "Za baridi hizo, joto la hapa zitapasuka." Wa tatu naye ana lake: za baridi ni laini, na laini ndiyo inayoshika barabara. Mwenye gari alikuja kujaza upepo tu. Anaondoka na maswali matatu.

Kila mmoja pale kijiweni ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana ubishi huu haufi. Ili kuumaliza inabidi tulifuate tairi hilo hadi lilikotoka, tuone lilitengenezwa lifanye nini, na mtu wa nchi ya baridi mwenye gari la kasi hulichaguaje. Kwa bahati nzuri Tanga ina ndugu wawili huko: jiji letu lina undugu na Eckernförde, mji wa pwani kaskazini mwa Ujerumani, na Kemi, mji wa Finland ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ghuba ya Bothnia. Miji hii mitatu ina lami za aina tatu, na kila lami inataka tairi lake.

Maneno kabla ya ubishi

Kashata ni vile vipande vya mpira vilivyosimama juu ya tairi na kugusa barabara. Kati ya kashata na kashata kuna mifereji, ambayo kazi yake ni kupitisha maji. Ubavu ni ule upande wenye maandishi. Na mpira wenyewe si mpira mtupu: ni mchanganyiko wa mpira wa asili, mpira wa viwandani, masizi, silika na mafuta. Mpishi akibadilisha vipimo, tairi linabadilika tabia hata kama sura ni ileile.

Tairi tunalolijua sisi, ambalo hapa huitwa tairi tu, wenzetu wa nchi za baridi huliita tairi la kiangazi. Tairi la theluji, au la baridi, ni lile lililopikwa na kuchongwa kwa ajili ya majira yao ya baridi. Kati ya hayo mawili kuna tairi la misimu yote, ambalo ni maafikiano: hufanya yote kiasi, na hakuna linalolifanya kwa ubingwa.

STUDLESS maana yake ni tairi lisilo na misumari. Zamani Wajapani wa mikoa ya theluji walitumia matairi yaliyopigiliwa vijisumari vya chuma ili kung'ata barafu. Barafu ikiyeyuka, misumari ileile ilikuwa ikikwangua lami na kuigeuza vumbi, na watu wakawa wanavuta barabara yao mapafuni. Mwaka 1990 Japani ilitunga sheria ya kuyapiga marufuku. Viwanda vikalazimika kutafuta mpira utakaoshika barafu bila msumari. Bridgestone walikuwa wameshatoa Blizzak yao mwaka 1988, yenye mpira wa vitundu vidogo kama sifongo. Baadaye tukaona iceGUARD ya Yokohama, Winter Maxx ya Dunlop na nyinginezo. Ukikuta mojawapo ya majina haya ubavuni, huhitaji kuendelea kubisha: hilo ni tairi la theluji. Limefika Tanga kwa sababu gari liliuzwa likiwa limevaa viatu vya msimu ule, na hakuna aliyesumbuka kulivua.

Mafuta ya nazi kwenye kabati

Siri yote ya tairi la theluji iko kwenye chupa ya mafuta ya nazi. Mchana wa Februari hapa Tanga mafuta hayo ni maji matupu. Asubuhi ya Julai yanaanza kuwa mazito. Yapeleke Lushoto usiku wa Julai, yanakuwa jiwe, unayachota kwa kijiko. Chupa haijabadilika wala mafuta hayajaharibika. Kilichobadilika ni joto.

Mpira wa tairi nao hufanya hivyo, ila kwa digrii zake. Tairi la kiangazi limepikwa lifanye kazi kwenye joto. Likishuka chini ya kama digrii 7 za sentigredi linaanza kukakamaa, na kashata iliyokakamaa haiwezi kujibonyeza ndani ya vijishimo vya lami, kwa hiyo inateleza hata kama barabara ni kavu na hakuna theluji hata chembe. Matairi ya kiangazi ya magari ya spoti ndiyo yanayoteseka zaidi, maana yamepikwa kwa joto kubwa kuliko ya kawaida. Kwenye baridi kali chini ya sifuri mengine yanaweza hata kupata nyufa ukiliondoa gari ghafla, na ndiyo maana watengenezaji kadhaa huonya yasiendeshwe wala kuhifadhiwa katika baridi hiyo.

Tairi la theluji limepikwa kinyume: hubaki laini pale wengine wanapoganda. Kwa kuwa mpishi alilenga digrii sifuri na chini yake, ukilileta kwenye lami ya saa nane mchana, ambayo jua likiwaka inaweza kupita digrii 50, linafanya kile mafuta ya nazi yanachofanya Februari. Haliyeyuki kwa macho, lakini linalegea.

Hapo ndipo hoja ya yule wa tatu kijiweni inapokwama. Ni kweli kwamba laini hushika. Matairi ya mashindano nayo ni laini. Lakini swali la kuuliza ni laini kwa joto gani. Tairi la mashindano huwa laini na bado imara likiwa la moto sana. La theluji huwa laini likiwa la baridi, na likipata moto linakuwa legelege.

Samaki aliyechanjwa

Upishi peke yake hautoshi. Litazame tairi la theluji kwa karibu: juu ya kila kashata kuna mikato myembamba, mingi, yenye kupinda kama mawimbi. Ni kama changu aliyechanjwa ubavuni kabla ya kupakwa viungo. Gari linapofunga breki mikato hiyo hufunguka, na kila mkato unakuwa ukingo mdogo wa kung'ata. Kashata moja inageuka meno kumi.

Kwenye barafu adui si barafu yenyewe bali utando mwembamba wa maji ulio juu yake, kama sabuni kwenye sahani. Mikato na vile vitundu vya mpira hunyonya utando huo ili mpira ufike chini. Kwenye theluji mambo ni tofauti, na hapa wengi hushangaa: mifereji ya tairi la theluji haitakiwi kujisafisha mara moja. Inatakiwa ishike theluji, iishindilie, maana theluji hushikamana na theluji kuliko inavyoshikamana na mpira. Mtoto anayefinyanga donge la theluji anaijua fizikia hii bila kusoma.

Sasa ihamishe kashata hiyo iliyochanjwa, ndefu ya milimita 8 au 9 ikiwa mpya, kwenye kona ya lami ya moto. Samaki aliyechanjwa ukimshika mkia anakunjika. Kashata nazo zinalala pembeni, zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, zinazalisha joto la ziada juu ya joto la barabara. Dereva anahisi usukani umechelewa kujibu: amekata kushoto, gari linafikiri kwanza ndipo linaenda. Kwenye breki ya ghafla gari linasafiri mbele zaidi kabla ya kusimama. Na kwenye mvua ya masika ya kwetu, ambayo maji yake ni ya uvuguvugu, mikato ile haina barafu ya kung'ata. Inabaki kuwa ulegevu tu.

Kemi hawanunui cha Eckernförde

Kosa la pili la watu ni kudhani tairi la theluji ni moja. Kuna koo mbili, na kwa mwenye gari la kasi kuchagua ukoo ndiyo hatua ya kwanza.

Kemi ina theluji ya miezi. Januari kipimajoto hukaa chini ya sifuri siku nzima, na barabara hushindiliwa theluji hadi iwe nyeupe kama meza. Huko hutakiwa tairi laini kabisa, lenye misumari au lisilo nayo, na misumari bado inaruhusiwa Finland. Wafini hawa ndio waanzilishi: Nokian walitoa tairi lao la kwanza la theluji, la malori, mwaka 1934, na Hakkapeliitta ya magari madogo ikafuata 1936. STUDLESS za Japani ni za ukoo huuhuu wa baridi kali. Mwendo wake ni wa taratibu na mipaka yake ya kasi ni midogo.

Eckernförde ni habari nyingine. Ni pwani kama kwetu, ila ya Bahari ya Baltiki. Baridi yake huzunguka sifuri, leo mvua, kesho umande ulioganda, siku mbili theluji, kisha lami tupu yenye maji. Halafu iko Ujerumani, kwenye barabara kuu ambazo baadhi ya vipande havina kikomo cha kasi. Anayechagua tairi la Kemi huko atakuwa na gari linaloogelea kwenye lami yenye maji. Kwa hali hiyo viwanda vya Ulaya hutengeneza tairi la theluji la magari ya kasi: mpira mgumu kidogo, mikato inayofungana isilale, ubavu imara. Pilot Alpin ya Michelin na Sottozero ya Pirelli ni za ukoo huu.

Kwa hiyo mtu mwenye Porsche akikuuliza achukue tairi gani la theluji, swali la kwanza la kumrudishia ni kuhusu barabara yake: msimu mzima huwa nyeupe, au huwa nyeusi na yenye maji? Nyeupe, aende ukoo wa Kemi na akubali kupunguza mwendo. Nyeusi, aende wa Eckernförde. Wengi wenye magari ya kasi wanaangukia la pili, na wanaokosea hukosea kwa kununua laini kupita mahitaji yao.

Masharti ya gari la kasi

Gari la kawaida ukilivalisha tairi la theluji la saizi yake, kazi imekwisha. Gari la spoti lina masharti, na masharti yake yanagharimu.

Kwanza, upana. Matairi mapana hupendeza na hushika lami kavu, lakini juu ya theluji huelea, kama mtu aliyevaa mbao miguuni. Jembamba hukata na kufika chini. Hivyo wenye magari ya kasi hununua seti ya pili ya rimu ndogo kwa inchi moja, na tairi jembamba lenye ubavu mrefu zaidi. Ubavu huo mrefu pia huokoa rimu kwenye mashimo yaliyofunikwa na theluji.

Hesabu yake iko hivi. Chukua 225/45R17, saizi ya Impreza STI nyingi (ile Impreza ya spoti yenye nguvu zaidi) za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Upana ni milimita 225. Ubavu ni asilimia 45 ya upana, yaani milimita 101. Rimu ni inchi 17, sawa na milimita 432. Jumlisha rimu na mbavu mbili, juu na chini: milimita 634. Ukishuka hadi 205/55R16 unapata 632. Tofauti ni milimita mbili, spidomita haitajua kitu. Mfanyabiashara atakwambia zinaingia.

Haziingii. STI hiyo ina kalipa (vibanio vya breki) kubwa za Brembo mbele, na rimu ya inchi 16 kwa kawaida hugonga kalipa kabla hujafunga nati ya kwanza. Hesabu imekubali, breki zimekataa. Ndiyo maana kabla ya kulipia rimu, huvalishwa tupu bila tairi, ikafungwa nati mbili tatu, ikazungushwa kwa mkono. Ibaki nafasi ya angalau milimita 3 kati ya rimu na kalipa, na itazamwe pande zote mbili, maana mara nyingi kinachogusa ni spoku na si ukingo. Matundu ya nati nayo yasidhaniwe. Impreza nyingi za zamani ni 5x100, yaani nati tano kwenye duara la milimita 100, lakini STI kuanzia toleo la 2005 ni 5x114.3, na kwa jicho huwezi kuzitofautisha.

Sharti la pili ni mwendo. Herufi ya mwisho kwenye saizi husema kasi ambayo tairi linaweza kuihimili: Q ni kilomita 160 kwa saa, T 190, H 210, V 240, W 270, Y 300. Gari la kasi kiwandani huja na W au Y. Matairi ya theluji ya Ulaya ya daraja la spoti huwa H, V au W. Ujerumani inaruhusu tairi la theluji lenye herufi ya kasi ndogo kuliko ya gari, mradi kibandiko kinachotaja kasi hiyo kiwekwe mahali ambapo dereva anakiona. STUDLESS nyingi za Japani ni Q.

Usiipuuze Q kwa kuwa hukimbii 160. Herufi hiyo si ruhusa ya mwendo, ni kipimo cha joto ambalo tairi linaweza kulibeba. Hupimwa likiwa na upepo sahihi na uzito sahihi. Likikosa upepo, likabeba watu watano na mizigo, na kukimbizwa mchana wa jua kutoka Segera, joto la ndani linapanda bila spidomita kufika popote. Mwishowe ngozi ya juu hubanduka kutoka kwenye nyuzi za chuma. Dereva husikia mtetemo, anadhani ni balansi. Hapo ni kusimama, si kuvumilia hadi Muheza.

Sharti la tatu ni magari yenye matairi mapana zaidi nyuma kuliko mbele. Porsche 911 Carrera ya kizazi cha 992 hutoka na 235/40R19 mbele na 295/35R20 nyuma. Seti yake ya theluji nayo lazima itoke kwenye orodha iliyoidhinishwa na kiwanda, na ubavuni utakuta herufi N yenye tarakimu, alama ya Porsche. BMW huweka nyota, Mercedes MO, Audi AO. Si mapambo, ni mchanganyiko na ubavu uliopimwa na gari hilo.

Na sharti la nne, ambalo linatuhusu hata sisi, ni magari yanayovutwa na matairi yote manne. Mfumo huo unadhani matairi yote yanazunguka sawa. Moja likiwa limelika zaidi, linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na difu ya kati inalazimika kusawazisha tofauti hiyo muda wote, kilomita kwa kilomita. Inapata moto, mwishowe inakufa. Subaru wa Marekani hutaka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6. Tafsiri yake kwenye kashata ni kama milimita moja tu ya kulika. Tairi moja jipya kwenye Subaru yenye matatu yaliyozeeka linaweza kuzaa gharama ambayo ungenunulia yote manne.

Lisome, usilipige jicho

Turudi kwenye tairi la pale kijiweni. Lisafishe ubavu kwa kitambaa chenye maji, upitishe na tochi ya simu. Tuseme limeandikwa hivi: 225/45R17 91Q, STUDLESS, na mahali pengine DOT, herufi zinazotangulia namba ya utengenezaji, ikifuatiwa na msururu unaoishia 4016.

Saizi tumeshaihesabu. Namba 91 ni uzito: tairi moja hubeba kilo 615. Linganisha na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva; tairi lisiwe chini ya namba hiyo. Q ni kilomita 160, kwenye gari ambalo kiwandani lilitoka na nguvu za farasi 280. Na 4016 ni wiki ya 40 ya mwaka 2016, yaani mwanzoni mwa Oktoba, muda ambao maduka ya Japani hujaza mzigo kabla ya theluji. Yule fundi aliona kashata mbichi. Hakuona umri.

Umri huo ni muhimu kwa sababu mafuta yaliyomo kwenye mpira huondoka polepole hata gari likiwa limesimama yadi. Tairi la theluji la miaka mingi limepoteza ule ulaini ambao ndio ulikuwa mtaji wake, na halijapata uimara wa tairi la joto. Bonyeza kashata kwa ukucha: mpira hai hubonyea na kurudi. Ukikuta ukucha unateleza kama kwenye plastiki, au kuna nyufa nyembamba kwenye mifereji na pale ubavu unapokutana na rimu, huyo ni marehemu aliyenyolewa vizuri.

STUDLESS za Kijapani zina alama nyingine ya ndani: vijidaraja vya mpira katikati ya mifereji vinavyojitokeza kashata ikilika nusu. Kashata zikifika usawa huo, Mjapani halitumii tena kwenye theluji, ingawa kwa macho yetu bado ni nene. Austria wao wameweka milimita 4 kisheria kwa tairi la theluji, Finland milimita 3. Chini ya hapo mikato haina kina cha kung'ata.

Alama ya kuitafuta kwa tairi lisilo la Kijapani ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tairi lenye mchoro huo limepimwa likifanya kazi juu ya theluji na kufaulu. M+S, yaani matope na theluji, ni jambo jingine: mtengenezaji huiweka mwenyewe kwa kuangalia umbo la kashata, bila kipimo hicho. Ujerumani iliacha kuitambua M+S peke yake kuanzia Oktoba 1, 2024. Sasa lazima mlima uwepo.

Hapa watu wetu huchanganya kwa upande wa pili. Wakisikia M+S ni ya theluji, wanataka kung'oa matairi ya Prado na Hilux. Acheni. Matairi mengi ya magari ya juu yana M+S na yanafaa kabisa kwa joto na vumbi, na hata baadhi ya yale ya barabara mbovu yana mchoro wa mlima huku mpira wake ukiwa mgumu. Linalotia shaka kwenye gari dogo la kasi ni mchanganyiko wa vitu: mlima au STUDLESS, herufi ya kasi ndogo kama Q, na kashata zilizochanjwa kila mahali.

Ya kijiweni yaliyobaki

Kwamba tairi la baridi litakusaidia kupanda Lushoto wakati wa tope: kwa sehemu. Mifereji mipana itakusukuma kidogo kwenye utelezi wa barabara ya vumbi. Lakini kilomita 33 hivi kutoka Mombo kwenda juu ni lami yenye kona, na kurudi chini ni breki mwanzo mwisho. Hapo ulegevu ule unakugharimu kuliko tope lilivyokusaidia. Na Lushoto pamoja na baridi yake haina theluji.

Kwamba gari la kuvuta nne halihitaji tairi la theluji huko Ulaya: huu ni uongo unaopeleka magari ya bei mbaya mitaroni. Kuvuta nne kunakusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya breki na mpira, na kila gari lina matairi manne ya kusimamia, liwe Subaru au Vitz.

Kwamba mawili yanatosha, yakae kwenye matairi yanayovuta: weka ya theluji mbele tu, na kwenye kona ya kwanza yenye barafu mbele itashika huku nyuma ikitaka kulipita gari. Weka nyuma tu, usukani utageuka na gari litaenda moja kwa moja. Ni manne au hakuna. Kwetu kanuni hiyo inafanya kazi kinyumenyume: ukitoa STUDLESS mbili na kuacha mbili, umejitengenezea ugonjwa uleule kwenye lami yenye maji.

Kuhusu upepo, Wajerumani wana msemo wa kubadili matairi kuanzia Oktoba hadi Pasaka, na wakishabadili hupima tena baridi ikizidi, maana upepo hushuka kama psi 1 kwa kila digrii 5 au 6. Aliyejaza 33 kwenye gereji yenye digrii 20 atakuta kama 28 asubuhi yenye digrii 10 chini ya sifuri. Kwetu ni kinyume. Jaza asubuhi, gari halijatembea. Ukipima ukitoka Segera utakuta umepanda, na kosa la kawaida ni kuupunguza: tairi likipoa linabaki chini ya kiwango, na safari inayofuata linapata moto zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Kwa aliye Tanga na gari lake

Yatoe, yote manne, kabla ya safari ndefu ya kwanza. Kama fedha haijakamilika, gari libaki mjini kwenye mwendo wa 50 ambao ndio wa kisheria, na kwenye mvua acha nafasi zaidi na aliye mbele. Ukinunua, fuata saizi ya kwenye nguzo ya mlango, uzito usiopungua, herufi V au W kwa gari la kasi, na tarakimu za DOT zisizozidi miaka michache. Matairi yenye maandishi TEMPERATURE, yaani daraja la kuhimili joto, huwa na A, B au C, na A ndiyo ya juu. Kwa jua letu chukua A. Baada ya kuvalisha, fanya balansi na alainimenti, kwa sababu tairi legevu lililotoka lilikuwa likificha kasoro za mguu ambazo jipya litazisema siku ya kwanza.

Fungua na buti. Mara nyingi yamebadilishwa manne, la tano limeachwa mle ndani na STUDLESS yake, likisubiri pancha ya usiku kati ya Hale na Muheza.

Yaliyotolewa usimpe dereva wa teksi kwa sababu tu kashata bado ipo. Umemhamishia tatizo yeye na abiria wake. Wenye mikokoteni ya soko la Mgandini wanayachukua. Mkokoteni hauna kona za kasi, na Q kwake ni kubwa mno.